Gitaa Litalala Wapi? Mbao Nzima au Plaiwudi kwa Mpigaji wa Mtwara na Lindi

Mwezi Februari, mvua ikiwa siku ya nne haijakata, kijana mmoja wa kwaya alikuja kwangu Chikongola na gitaa kalifunika kwa kiroba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Za kwaya?"

"Nzuri. Ila gitaa limekuwa gumu. Jumapili nimeshindwa kumaliza wimbo, vidole vinawaka."

Nikachomoa kadi kwenye pochi: ya benki, ya NIDA, ya bima. Unene wa kadi hizi ni kama robo tatu ya milimita. Ukizibebanisha tatu unapata milimita 2.3 hivi, na hicho ndicho kimo kizuri cha uzi mnene juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Kwenye gitaa lake zikaingia tatu bila kugusa. Nikamwomba na zake tatu. Zikaingia, na uzi bado unaelea. Nyuma ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, uso wa gitaa ulikuwa umetuna kama bunju aliyeudhiwa.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa vidole. Gitaa lile aliletewa na mjomba wake kutoka nje, mbao nzima mwili mzima. Kwenye msumari wa pili wa chumba kilekile cha kwaya lilining'inia gitaa la plaiwudi la bei ya chee, na lenyewe halikuwa na habari na mvua. "Kwa hiyo mjomba alipigwa?" akaniuliza.

Hakupigwa. Gitaa lilikaa kwangu wiki tatu ndani ya boksi lake pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, tumbo likarudi taratibu. Siku alipokuja kulichukua alibeba na lile la plaiwudi tuyapige yote mawili. Lile la plaiwudi likasikika kama linapigwa chumba cha pili.

Kila msimu wa korosho, hela ikiwa imeingia, naulizwa ninunue lipi. Siku hizi nami naanza kwa kuuliza: gitaa litalala wapi?

Tuelewane maneno

Mbao nzima ni ubao uliopasuliwa kwenye gogo ukabaki ubao. Uso wa gitaa huwa ni vipande viwili vilivyofunguliwa kama kurasa za kitabu na kuungwa katikati kwa gundi, lakini ukiutazama kwa unene ni mbao moja, milimita 2.5 hadi 3 hivi. Plaiwudi unaijua, ndiyo ya dari na milango: tabaka nyembamba zimepandana, nyuzi za kila moja zikikatiza za mwenzake. Ya gitaa ni nyembamba zaidi, na tabaka la juu limechaguliwa kwa urembo. Kwa hiyo gitaa linaweza kuonekana la sprusi, ile mbao nyeupe ya jamii ya misonobari, kumbe sprusi yenyewe ni ngozi tu.

Madukani kuna makundi matatu, si mawili kama wengi wanavyodhani: plaiwudi mwili mzima, uso wa mbao nzima na mgongo na mbavu za plaiwudi, na mbao nzima mwili mzima. Hilo la kati ndilo linalosahaulika kwenye ubishi.

Nitayapima yote kwa mambo manne. Sauti: nguvu yake, na kama sauti nyembamba na nene zinasikika kila moja kwa nafasi yake. Hali ya hewa: litafanya nini kifuku kikiingia na likiwa karibu na bahari. Matengenezo: likiharibika, fundi aliye karibu anaweza kulisaidia? Na pesa, ikiwemo ile ya baada ya kununua. Urembo siuhesabu. Gitaa baya linaloremetameta nimeliona mara nyingi.

Kwanza hewa ya huku kwetu

Hapa nitakaa kidogo, maana video nyingi za mtandaoni zimetengenezwa na watu wenye shida iliyo kinyume na yetu.

Kiu ya mbao haifi hata baada ya kukatwa. Hewa ikiwa na unyevu inakunywa na kuvimba. Hewa ikikauka inatema na kusinyaa. Aliyeishi Mikindani anajua mlango unaofungwa kwa kidole mwezi Septemba na kusukumwa kwa bega mwezi Machi. Wapiga sindimba nao wanajua: ngoma ikilegea kwa unyevu wanawasha makuti, wanaipasha, ngozi inakaza, mchezo unaendelea. Gitaa lina ugonjwa uleule, ila hilo huwezi kulipasha motoni.

Viwanda vikubwa hutengenezea gitaa kwenye vyumba vyenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50 hivi. Asubuhi za kifuku pwani yetu unyevu unapita asilimia 80 bila kuomba ruhusa. Uso wa gitaa kubwa la kawaida una upana wa kama sentimita 40. Ukiuhamisha kutoka hewa ile ya kiwandani hadi hii yetu, sprusi hutaka kutanuka milimita 3 hadi 4 kwa upana. Itanukie wapi, na kingo zimegandishwa kwenye mbavu? Inapanda juu. Daraja linapanda nayo, nyuzi zinakaa mbali na freti, na mpigaji anasema gitaa limekuwa gumu.

Plaiwudi haifanyi hivyo kwa sababu mbao huvimba kwa upana na unene; kwa urefu wa nyuzi zake karibu haisogei. Tabaka moja likitaka kutanuka, la chini yake, ambalo nyuzi zake zimelala upande mwingine, linalishika mkono. Siri ni hiyo tu. Ila kushikana huko ndiko pia kunakoifanya iwe nzito kutikisika, na gitaa ni chombo cha kutikisika. Uimara na ububu vinatoka kwenye gundi moja.

Huko ulaya na Marekani wakati wa baridi wanawasha vipasha joto ndani ya nyumba, hewa inakauka, mbao inapasuka. Ndiyo maana video zao zinakuambia uweke sponji lenye maji ndani ya gitaa. Nimewahi kuletewa gitaa kutoka Lindi mjini lenye sponji ndani, mwezi wa tatu, na ukungu wa kijani umeota kwenye mihimili ya ndani. Mwenyewe aliifuata video neno kwa neno. Huku kwetu tunatoa maji kwenye gitaa, hatuongezi.

Bahari nayo ina chumvi yake. Nyuzi za chuma zilizokaa wazi Shangani au ufukweni Msimbati zinapata kutu ndani ya wiki chache, na visokoto vya kukazia vinaanza kulia kama bawaba. Hilo halichagui mbao nzima wala plaiwudi. Na unyevu nao hauachi shingo: shingo ya karibu kila gitaa la mbao, hata la bei rahisi kabisa, haina tabaka za plaiwudi, kwa hiyo nayo hucheza.

Ukipanda uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, mambo yanabadilika. Chumvi haipo, na kipupwe upepo ni mkavu zaidi. Mbao nzima inapumua vizuri huko kuliko Mtwara mjini, ingawa kifuku ni kifuku.

Plaiwudi mwili mzima

Wazee bado wanaliita gitaa kavu "galatoni", jina la Gallotone ya Afrika Kusini. Gitaa la kwanza la John Lennon, miaka ya 1950, lilikuwa Gallotone la bei rahisi, na ndani lilibandikwa lebo ya kuahidi kwamba halitapasuka. Lilikuwa la tabaka, ndiyo maana mwenye kiwanda alithubutu kuahidi.

*Sauti.* Ni ya wastani, na mara nyingi imebanwa: ukipiga kwa nguvu zaidi haikupi zaidi. Nyuzi nene hazina kifua. Lakini kuna plaiwudi na plaiwudi. Yamaha F310, na C40 ya nyuzi za nailoni, nyuso zake ni za tabaka, na watu wengi wamejifunzia hizo bila masikio yao kuharibika. Halafu yapo yasiyo na jina, yaliyopakwa rangi nzito kama ya kabati, ambayo hata fundi malaika hawezi kuyafanya yaimbe. Ukichomeka waya kwenye mikser ya kanisa, tofauti ya plaiwudi na mbao nzima inapungua sana, na plaiwudi ina faida moja ambayo watu hawaisemi: haina haraka ya kuvuma na kupiga mluzi spika zikiwa karibu.

*Hali ya hewa.* Hapa ndipo linapostahili heshima. Linavumilia msumari ukutani, buti la basi, na chumba chenye bati bila dari. Adui yake ni maji yenyewe, si unyevu: likilowa, tabaka zinaachana kama chapati ya kusukuma. Ipo pia aina ya karatasi na gundi iliyoshindiliwa kwa joto, ndugu wa fomaika ya mezani, ambayo Martin wanaitumia kwenye magitaa yao ya X. Hiyo kwa hewa ya pwani ni mkaidi kweli, ila ikivunjika haizibiki vizuri.

*Matengenezo.* Hayaji mara kwa mara. Yakija, ni daraja kubanduka au visokoto kuchoka. Uso uliotoboka unachanika vibaya, tabaka kwa tabaka, na kuuziba usionekane ni kazi ngumu kuliko gharama ya gitaa lenyewe.

*Pesa.* Ni rahisi kuliko yote, lakini usimalize bajeti kwenye gitaa. Bakiza ya nyuzi mpya na ya fundi kushusha kimo cha nyuzi. Plaiwudi iliyorekebishwa vizuri inapigika kuliko mbao nzima iliyotuna. Kuliuza tena, utapata chochote utakachopewa.

*Linamfaa* anayeanza na hajui kama mwakani atakuwa bado anapiga. Shule na kwaya, ambako gitaa ni la wote maana yake si la mtu. Na mwanamuziki wa ufukweni.

Uso wa mbao nzima, mgongo na mbavu za plaiwudi

*Sauti.* Kazi kubwa ya kusukuma hewa inafanywa na uso. Mwaka 1862 fundi wa Kihispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa lenye uso wa sprusi, lakini mgongo na mbavu akazifanya kwa karatasi iliyogandishwa, kuonyesha kwamba sauti inatoka mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa Barcelona hadi leo. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lao: gitaa 6 za aina moja, zilizotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu, wakawapa wapigaji 52 wasioziona vizuri. Alama walizozipa zilikaribiana mno. Kwa hiyo ukilipia uso mzuri ukabana kwenye mgongo, hujajipunja. Gitaa kama Yamaha FG800 limejengwa kwa hesabu hii. Ukihama kutoka plaiwudi tupu utasikia mara moja: kodi (chord) ya G inafunguka na nyuzi nene zinapata kifua.

*Hali ya hewa.* Uso utavimba na kusinyaa, mgongo na mbavu zitatulia. Maana yake kilio ni kimoja badala ya vitatu. Kifuku kimo kinapanda kidogo, kiangazi kinashuka. Mimi langu la namna hii nina vipande viwili vya mfupa wa daraja, ule ambao nyuzi hupita juu yake, kimoja kifupi cha kifuku na kirefu cha kiangazi. Kubadili ni dakika kumi, unalegeza nyuzi na kuchomoa. Wengine wanaona ni usumbufu. Sawa, ni usumbufu.

*Matengenezo.* Ufa kwenye uso wa mbao nzima unatisha kwa macho lakini unatibika: gundi ndani ya ufa, vibao vidogo kwa ndani kuukatiza, basi. Seremala makini anaweza, hasa aliyezoea kuunga mbao nyembamba. Daraja likibanduka usikubali gundi nyeupe ya kawaida. Kwenye joto na mzigo inateleza polepole, na nyuzi za chuma zinavuta kwa kilo 70 na zaidi, uzito wa mtu mzima. Mwambie atafute gundi ya manjano ya mbao, asafishe ile ya zamani hadi ibaki mbao, na akabe kwa klampu usiku mzima. Akitaja skrubu, chukua gitaa lako uondoke.

*Pesa.* Ya kati. Ongeza boksi gumu au begi lenye sponji nene, kipimo cha unyevu kinachotosha kiganjani, na vifuko vya kukausha. Bila hivyo umelipia uso ambao hutaufaidi. Soko la mkononi lipo, kwa sababu mpigaji anayejua anajua anachonunua.

*Linamfaa* aliyekwisha kuanza, anayepiga karibu kila siku na kulala na gitaa chumba kimoja. Mwalimu pia, na mtunzi anayerekodi nyumbani kwa maiki.

Mbao nzima mwili mzima

*Sauti.* Likiwa limejengwa vizuri, unasikia chumba kizima kinapiga nawe. Sauti inakaa muda mrefu, na ukigusa kidogo linajibu kidogo, ukigusa kwa nguvu linajibu kwa nguvu. Wapigaji wengi wanaamini sauti hufunguka kadiri miaka inavyokwenda. Masikio yangu yanaafiki, ila masikio ya mwenye gitaa si shahidi wa kuaminika. Sharti ni hilo neno "vizuri". Mbao nzima iliyochongwa nene na mfanyakazi mwenye haraka inashindwa na gitaa la kundi la kati. Taylor, kwa mfano, wanaanza mbao nzima mwili mzima kwenye namba za 300 kupanda, na hapo bei inaruka.

Na sisi wa kusini tuna ya kusema hapa. Mpingo unaokua Kilwa, Nachingwea na Liwale ndio unaogeuka zumari za klarineti na oboe huko Ulaya, na mafundi wachache wa gitaa wanaugombania kwa migongo na mbavu. Gitaa la mgongo wa mpingo linaweza kupita bei ya pikipiki mpya. Mti umetoka kwetu, unarudi, kama unarudi, kwa bei ambayo mchonga vinyago wa hapa Mtwara akiisikia anacheka kwanza ndipo anakasirika. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodai vibali kwa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vya mpingo vilivyokamilika viliondolewa kwenye vibali hivyo, kwa hiyo kusafiri nalo si balaa tena.

*Hali ya hewa.* Mwulize huyohuyo mchonga vinyago kwa nini anafunika gogo la mpingo na kuliweka kivulini. Mbao nzima ya mgongo inavimba kwa kasi yake, uso kwa kasi yake, na mbavu nazo. Kwa pwani, boksi gumu ni lazima. Ndani uwe na kipimo cha unyevu na vifuko, ukilenga asilimia 50 hadi 60. Zipo chembe zinazobadilika rangi zikishiba maji. Unazikausha kwa moto mdogo kwenye kikaango cha zamani kisichopikia tena, zikipoa unazirudisha. Jambo jingine ni kiyoyozi: hoteli inayokupoza saa tatu ukumbini kisha unatoka nje kwenye joto la usiku inaitesa mbao kuliko kifuku chenyewe. Lifungie ndani ya boksi kabla ya kutoka, lizoee taratibu.

*Matengenezo.* Linatibika karibu kila kitu, ila na mtu anayejua. Kazi kubwa, kama kurudisha pembe ya shingo, jiandae kulisafirisha Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na hapo likae nawe kitini. Siyo buti. Buti la basi lililoegeshwa juani Nangurukuru linalainisha gundi.

*Pesa.* Nyingi, na si ya mara moja. Lakini lisipoharibika thamani yake inashikika, na mrithi atalipata.

*Linamfaa* mwenye kusikia tofauti, mwenye chumba kinachofungwa, na mwenye tabia ya kurudisha kitu mahali pake. La tatu ndilo gumu kulipata.

Dukani: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Mtwara na Lindi chaguo ni dogo. Wengi wanaagiza Kariakoo na gitaa linakuja kwa basi kama kifurushi. Mwambie anayekununulia apige picha tatu na video moja.

Picha ya kwanza ni ukingo wa tundu la sauti, kwa karibu sana. Kama mistari ya mbao ya juu inashuka moja kwa moja kwenye unene wa ukingo, ni mbao nzima. Ukiona mistari imekatwa na tabaka kama biskuti ya krimu, ni plaiwudi. Ukingo uliopakwa rangi nyeusi nzito unaficha jambo. Picha ya pili ni ndani, mgongo, kwa tochi ya simu: kama ni mbao nzima, doa au fundo lililo nje liwe pia ndani mahali palepale. Ya tatu ni lebo. Neno "solid" likiambatana na "top" pekee, ni kundi la kati. "Select spruce" mara nyingi ni lugha ya kiungwana ya plaiwudi. Lebo yenye jina kubwa kwa bei ya kitenge ni ya kughushi, usijipe moyo.

Video iwe ya kadi tatu chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12, na kipande cha karatasi kikijaribu kupenya nyuma ya daraja. Karatasi ikiingia, daraja limeanza kuaga.

Kwa hali yako

Unaanza, na hela ni ya msimu mmoja: plaiwudi yenye jina linalojulikana, ya nyuzi za nailoni kama vidole ni vya mtoto. Fundi akushushie kimo siku hiyohiyo. Wengi huacha gitaa kwa sababu ya kimo kuliko kwa sababu ya plaiwudi.

Ni la kanisa, madrasa ya qaswida inayotumia vyombo, au shule: plaiwudi yenye pikapu, kile kinasa sauti cha kuchomekea waya. Litachomekwa, litaachwa ukutani, na mtu atalikalia.

Unapiga hotelini au ufukweni: plaiwudi au ile ya fomaika. Badilisha nyuzi mara kwa mara, pangusa kila ukimaliza.

Umepiga mwaka mmoja na zaidi, unaishi pwani, una chumba chako: uso wa mbao nzima. Kama bajeti inatosha gitaa tu bila boksi, subiri korosho nyingine ulipie vyote viwili.

Uko Newala, Tandahimba au Masasi na unalitunza: uso wa mbao nzima kwa raha, na mbao nzima yote si kichaa.

Unarekodi kwa maiki, nyimbo zako zinasimama kwenye gitaa moja: mbao nzima, ya uso au ya mwili mzima kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa shoo za nje tafuta la pili la plaiwudi.

Umeletewa zawadi ya mbao nzima na unalala mita mia mbili kutoka baharini: usiliuze kwa hasira ya kifuku cha kwanza. Kijana wangu wa kwaya sasa anapiga lile la msumarini kila Jumapili, na la mjomba linakaa nyumbani chini ya kitanda, ndani ya boksi, pamoja na vifuko na kipimo. Kifuku kilichofuata alinipitia akielekea mazoezini, hakusema gitaa limekuwa gumu, akatoa pochi mwenyewe. Kadi tatu zikaingia. Ya nne ikagoma.